Mama Meno, Ini Lake na Mkanda Uliogoma

"Miaka ishirini na saba! Miaka ishirini na saba nalala kitanda kimoja na kiwanda cha pombe, na mimi najidanganya nimeoa!"

Aliyekuwa anapiga kelele hizo alikuwa fundi cherehani, mtu wa heshima zake, na alizipiga akiwa amesimama juu ya stuli, mkono mmoja umeng'ang'ania kabati, mwingine unapapasa juu yake kutafuta chupa. Mpaka dakika ile alikuwa ameshusha sanduku la nguo za watoto ambao sasa nao wana watoto, pasi iliyokufa zamani, na vumbi la kutosha kuanzisha bustani. Chupa hakuna.

"Shuka, baba watoto. Utavunjika," mkewe alisema. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, barua ya kazini mapajani.

"Nivunjike! Mimi nikivunjika nikapimwa, wataona chai na maziwa. Wewe umepimwa, wameona baa!"

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Kila mwaka kampuni hupeleka madereva wa mitambo kupimwa macho, presha na damu. Mwaka huu macho ya mama huyu yalikuwa sawa, presha sawa, lakini vimeng'enya vya ini vilikuwa juu karibu mara tatu ya kawaida. Kwa hiyo asiguse mtambo mpaka daktari atoe ruhusa. Ufunguo wake meneja ameuchukua mwenyewe, kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota soksi ya mwenzake.

Sasa ni lazima umjue mama huyu, maana ukimjua ndipo utakapoona balaa lenyewe lilivyo tamu. Anafanya kazi kwenye ghala la vigae. Anaendesha foklifti, kile kigari chenye meno mawili marefu ya chuma mbele, ambacho huingiza meno chini ya mzigo na kuunyanyua mpaka karibu na dari. Ndiyo maana watu wote humwita Mama Meno. Miaka kumi na tisa yuko juu ya mtambo huo. Anaweza kunyanyua tani nzima ya vigae huku paka wa ghalani amelala juu yake, akaishusha upande wa pili, na paka asigeuze hata sikio. Na pombe? Pombe haijawahi kupita kwenye meno yake, ya mdomoni wala ya chuma. Kwenye sherehe yeye ndiye hukabidhiwa simu, viatu na funguo za magari za watu wazima wote, na asubuhi ndiye huwakumbusha walichosema. Kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa unamngoja ateleze, kwa hamu.

"Mwezi mzima naona mambo," fundi aliendelea kutoka huko juu. "Unarudi jasho linakutiririka. Uso mwekundu. Ngazi tatu za mlangoni unazipanda umeshika ukuta. Juzi nimekuuliza chumvi iko wapi, umefanya nini?"

"Nimecheka."

"Umecheka! Mtu mwenye akili zake anachekea chumvi?"

Mama Meno kweli alicheka. Na jasho lilikuwepo, na ukuta aliushika. Angeweza kueleza yote kwa neno moja, lakini neno hilo lilikuwa limefungwa na jingine, na hilo jingine ni aibu ambayo alishaapa hataitoa hata akiteswa.

Iko hivi. Mwezi na nusu uliopita kampuni ilileta foklifti mpya. Ya njano, inang'aa, taa pande zote, kiti kama cha ndege. Uzinduzi ukapangwa, na Mama Meno ndiye angeiendesha, nani mwingine? Basi siku ile mashine ilipoletwa ghalani, wakati wenzake wamekwenda kula, alikwenda peke yake kuijaribu kimyakimya. Akapanda. Akakaa. Akavuta mkanda. Mkanda ukaja, ukaja, ukafika kwenye nyonga, ukagoma. Kutoka ncha ya mkanda mpaka tundu lake palibaki kama shibiri moja ya Mama Meno mwenyewe. Akavuta pumzi ndani. Shibiri. Akatoa pumzi zote mpaka akaona nyota. Shibiri. Na mashine hizi za kisasa zina kiburi: mkanda usipofungwa, hata kuwaka haziwaki. Akashuka taratibu akiangalia huku na huku kama mwizi wa kuku, na kitu kimoja tu kichwani: nimenenepa kuliko mtambo.

Na kama yeye hawezi, yupo Njiti. Njiti ni dereva wa akiba, mwanamume wa miaka arobaini, mwembamba hivi kwamba akisimama nyuma ya ufagio unaona ufagio tu. Kwa macho ya Mama Meno, mkanda huo ungemzunguka Njiti mara mbili na kubaki. Mama Meno aliona wazi mtambo wake wa miaka kumi na tisa unaondoka na Njiti kwa ajili ya shibiri moja.

Hapo ndipo alipoanza vituko vyake. Lakini hivyo mumewe hakuvijua, na kabla hajauliza zaidi, mlango ulisukumwa bila hodi.

"Kaka, ni kweli?" Alikuwa wifi yake, dada wa fundi, anayekaa nyumba ya tatu na mwenye masikio ya kufika nyumba ya kumi. "Ni kweli wifi amekutwa na pombe kwenye ini?"

"Nani kakwambia?" Mama Meno akauliza.

"Dirisha liko wazi, wifi, na kaka yuko juu ya stuli. Hata viziwi wamesikia." Akaketi bila kukaribishwa. "Mimi nilishasema. Wanaojifanya hawanywi ndio hao hao. Shosti yangu mmoja alikuwa hivihivi, mwisho wakamkuta anakunywa kwa kikombe cha kuoshea meno."

Mama Meno alimwangalia wifi yake kwa macho ambayo fundi hakuyaelewa. Angeyaelewa, pale pale angeshuka kwenye stuli.

"Kesho nakwenda hospitali," alisema. "Wamesema nibebe kila ninachomeza. Kila kitu, hata jani."

"Na mimi nakwenda," fundi akasema. "Nikasikie kwa masikio yangu."

"Na mimi nawasindikiza," wifi akadakia. "Kaka asije akaanguka kwa aibu akakosa wa kumshika."

Basi kesho yake wakaingia watatu kwenye chumba chenye viti viwili. Daktari alikuwa binti mwenye miwani mikubwa, rika la mtoto wao wa mwisho. Aliwaamkia wote shikamoo, akaitikiwa marahaba mara tatu, wifi akaivuta yake kidogo. Akaisoma ile karatasi ya vipimo. Akamwangalia Mama Meno macho, akamwambia atoe ulimi, akamlaza na kumbonyeza chini ya mbavu upande wa kulia.

"Macho hayana manjano. Unasikia maumivu hapa?"

"Hapana, mwanangu."

"Unakunywa pombe, mama?"

Fundi na dada yake wakasogea mbele kwa pamoja, viti vyote viwili vikalia.

"Sijawahi."

"Andika hajawahi," fundi akasema, "halafu weka alama ya kuuliza."

Daktari hakuandika alama ya kuuliza. Akamuuliza Mama Meno anafanya kazi wapi, akaambiwa ghalani, akatabasamu.

"Vizuri, basi utanielewa upesi. Ini ni kama ghala. Ndani kuna wafanyakazi, hao ndio vimeng'enya. Kazi yao iko ndani. Mmoja mmoja kutoka nje si kitu, lakini ukiwakuta wengi barabarani saa ya kazi, unajua ghalani kumetokea jambo. Sasa je, ni moto? Ni maji? Ukuta umetoboka? Wale wa barabarani hawakwambii. Mpaka uende ukaangalie."

"Moto wa pombe," wifi akanong'ona.

"Pombe inaweza. Lakini kuna virusi vya homa ya ini, B na C, na mtu anaweza kuwa navyo miaka asijue. Kuna mafuta kujaa kwenye ini, na siku hizi hayo ndiyo mengi, hata kwa asiyejua chupa inafunguliwa upande gani. Mawe kwenye nyongo. Dawa za hospitali. Dawa za miti shamba. Nikisikia tu ini nikasema pombe, nitakuwa sijapima, nitakuwa nimesengenya."

Mama Meno aliangua kicheko cha kwanza baada ya siku mbili. Fundi alikohoa. Wifi akaanza kusoma bango la kunawa mikono ukutani.

"Mfuko wako, mama."

Alikuja na mfuko wake wa kazini, ule wa chakula. Akatoa kwanza vidonge vyeupe. "Hivi ni vya sanduku la huduma ya kwanza, ghalani. Vya kichwa." Akatoa vyekundu na njano. "Hivi vya dukani, vya mwili kuuma." Akatoa vya bluu, kwenye pakiti iliyokunjwa.

"Hivyo ni vyangu!" fundi akaruka. "Vya mafua! Nimevitafuta wiki nzima!"

"Miguu ilikuwa inauma, baba watoto. Nikaona visikae bure."

Daktari alizisogeza zile pakiti tatu kwenye dirisha, akasoma maandishi madogo ya nyuma, moja baada ya nyingine. "Ulikuwa unameza vipi?"

"Viwili vya kila aina, mchana na jioni. Maana kila kimoja kina kazi yake. Siku nne hivi, miguu ilipozidi. Nimeacha juzi."

Kalamu ya daktari ikasimama. "Mama, havina kazi tatu. Hii ni parasetamoli, hii ni parasetamoli, na hii ya mafua ndani yake kuna parasetamoli. Ni mtu mmoja, amebadilisha mashati matatu."

Fundi, kwa kuwa mashati ndiyo kazi yake, alielewa kabla ya wote. Alianza kuhesabu kwa vidole, akaishiwa vidole.

"Kumi na viwili kwa siku," daktari akamsaidia, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha hata chembe. "Nane ndiyo mwisho kabisa kwa mtu mzima, na hata hivyo si siku nenda siku rudi. Ini linaweza kufa kwa namna hii, mtu yuko nyumbani anajiona yuko salama. Leo nakutoa damu tena kabla hujatoka hapa. Kuna kingine?"

Mama Meno akaingiza mkono mfukoni, akatoa kopo la plastiki lenye unga wa kijani. Halina jina, halina karatasi, lina utepe wa waridi tu kwenye mfuniko.

"Hii nini?"

"Unga wa kukausha mwili. Vijiko viwili kwenye maji ya moto, tumbo likiwa tupu."

"Ndani kuna nini?"

"Sijui, mwanangu. Aliyeniuzia alisema ni siri ya mababu."

"Nani amekuuzia?"

Mama Meno alimgeukia wifi yake, taratibu, kama foklifti inavyogeuka na mzigo. Wifi alikuwa bado anasoma bango la kunawa mikono. Alishalisoma mara nne. Sasa alikuwa anasoma jina la aliyelichapa.

"Dada?" fundi akasema.

"Sijui hata mnaongea nini."

"Dada, huo utepe niliukata mimi. Ulisema ni wa nywele."

"Wateja wengine hawajalalamika!"

"Wangapi wamepimwa ini?" daktari akauliza kwa upole, na wifi akagundua kumbe chumba kina joto, akatoka kupunga hewa. Hakurudi.

Daktari akashika mfuko, akaupindua juu ya meza kuhakikisha hamna kilichobaki. Kikaanguka kitu kirefu kama nyoka, chenye vishikio viwili vya mbao. Fundi alirudi nyuma.

"Kamba ya kuruka?"

Mama Meno akafunika uso. Na kwa kuwa sasa hapakuwa na pa kujificha, akayamwaga yote. Mkanda. Shibiri. Njiti na ufagio. Jinsi kila mchana, wenzake wakienda kula, anajifungia nyuma ya vigae vya bafuni na kuruka kamba, mia tano siku ya kwanza, kwa hasira, yeye ambaye mara ya mwisho kuruka kamba alikuwa na mapengo. Kesho yake miguu ikawa kama ya kuazima. Ndiyo maana alishika ukuta. Ndiyo maana alimeza vidonge. Na siku ya kupimwa damu, asubuhi yake alikuwa ameruka mia saba.

"Na chumvi?" fundi akauliza. "Kwa nini ulicheka?"

"Ulisimama mlangoni mikono kiunoni, nikakuwaza wewe unaruka kamba."

Daktari aliinama mezani mabega yakimtikisika. Alipopata sauti alisema, "Na misuli nayo ina wafanyakazi waliovaa sare ile ile ya ini. Ukiitesa ghafla namna hiyo, wanatoka barabarani nao. Kwa hiyo mama, una mashati matatu, una siri ya mababu, na una kamba mia saba. Siwezi kukuambia ni nani kafanya nini. Tunafunga yote. Wiki nne: hakuna kidonge, hakuna unga, hakuna kamba. Leo napima virusi, kipimo cha misuli, na picha ya ini. Nataka na damu tena baada ya siku tatu, nione inashuka, halafu ya mwisho wiki ya nne."

Njiani kurudi, kwenye kona ya duka la dawa, fundi alipunguza mwendo. Halafu akasema, bila kumwangalia, "Shibiri moja tu?"

"Moja."

"Ungeniambia. Nimeongeza viuno vya suruali za watu wazito mjini hapa. Ningekutilia kipande, mshono mara mbili, hata meneja asingejua."

"Mkanda wa mtambo si suruali, baba watoto."

"Kiuno ni kiuno."

"Ukishona mkanda wa foklifti nitafukuzwa mimi, na wewe utafungwa."

Halafu fundi akasema, "Nisamehe ile ya kiwanda cha pombe." Mama Meno akamwambia hiyo haisameheki leo, kwa kuwa ni nzuri mno, na wakafika nyumbani wakicheka hadi jirani mmoja akafunga dirisha akisema sasa wameanza kunywa wote wawili.

Virusi havikuwepo. Picha ilionyesha mafuta kidogo kwenye ini, ya kuangaliwa, si ya kuogopwa. Kipimo cha misuli kilikuwa juu, damu ya siku tatu ikaonyesha namba zimeanza kushuka. Wiki nne zile zilikuwa ndefu. Ghalani wakamweka mezani kuhesabu vigae, huku Njiti akiendesha mtambo wa zamani kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Kila kishindo cha kigae kikivunjika, Mama Meno alifumba macho. Na ile ya njano ilikaa palepale pembeni, imefunikwa nailoni, inamngoja. Hata damu ikisafishika vipi, mkanda ulikuwa bado mfupi shibiri moja, na sasa hana kamba wala unga. Paka wa ghalani alihamia mezani kwake.

Wiki ya nne daktari alipiga simu mwenyewe. Namba zimerudi mahali pake, imebaki ncha ndogo tu, na hiyo ni ya mafuta. "Kutembea, kupunguza sukari, hata kamba ruksa," alisema. "Lakini thelathini, mama. Si mia saba."

Meneja akarudisha ufunguo, safari hii kwa mkono mzima, na akasema uzinduzi ni siku hiyo hiyo saa nne. Wapakiaji wote wakasimama mstari. Fundi naye akatokea, futi ya kupimia shingoni, na mfukoni alikuwa na kipande cha utepe mgumu mweusi ambacho hakuapa kuwa hatakitumia. Fundi wa mitambo aliyeileta mashine alikuwepo pia, na bisibisi yake sikioni.

Nailoni ikavuliwa. Mama Meno akapanda. Akakaa. Akavuta mkanda. Ukaja, ukaja, ukafika kwenye nyonga, ukagoma.

Shibiri.

Watu wote waliona. Njiti aliangalia viatu vyake. Meneja alifungua mdomo. Mama Meno alihisi masikio yanawaka, akaanza kunyanyuka, ndipo fundi wa mitambo akasema, "Ngoja, ngoja, mama, usishuke," akazunguka nyuma ya kiti, akaingiza mkono mpaka begani. Kikasikika kitu kinakatika, tak! Akatoa kibanio chekundu cha plastiki, kikubwa kama sega.

"Hiki huwekwa kiwandani, mkanda usichezecheze safarini. Nilitakiwa nikitoe siku niliyoileta." Akajikuna na bisibisi. "Nilisahau. Hata huyo mwembamba pale usingemtosha kwa raha."

Mama Meno akavuta mkanda. Ukatoka. Ukaendelea kutoka. Ukampita tumbo, ukapita tundu, ukabaki mwingine wa kumfunga mumewe na meneja kwa pamoja. Akaufunga: chak! Mashine ikawaka mara moja, kwa adabu zote.

Kwanza hakuna aliyethubutu kucheka. Halafu yeye mwenyewe akaanza, mikono juu ya usukani, akicheka kwa kukumbuka mia saba, akicheka kwa siri ya mababu, akicheka mpaka paji la uso likabonyeza honi, na honi ikawa inalia kila anapocheka. Wapakiaji walikaa chini. Njiti alimshikilia meneja. Mama Meno alipopata pumzi, aliingiza meno chini ya tani ya vigae, paka mwenyewe akarukia juu ya mzigo bila kuitwa, na wakapanda wote mpaka darini, polepole, bila paka kugeuza sikio.

Asubuhi iliyofuata fundi alikuwa ameshaketi kwenye cherehani barazani, mguu kwenye pedali. Mkewe akatoka na mfuko wa chakula mkono mmoja, na mkono mwingine akiichomoa ile kamba nyuma ya mlango.

"Mama," fundi akaanza, na cherehani ikasimama. "Mkanda umetosha."

"Umetosha."

"Ufunguo umerudi. Daktari karidhika. Unga wa dada umemwagwa, na hata nzi hawajasogea pale. Njiti kabaki Njiti."

"Ndiyo hivyo."

"Basi nieleze mimi kama mumeo. Hiyo kamba sasa unaipeleka wapi?"

Mama Meno aliitundika kamba shingoni, vishikio vikagongana kifuani, ka, ka, akashuka ngazi zake tatu bila kugusa ukuta, na akashika njia ya ghalani. Alipofika kona, akiamini hakuna anayemwona, aliruka kidogo.